Shajara ya Nyangwe na kosa la Waller

Kusimba mswada kwa kompyuta ni kazi mbili: kurekodi kilichoko kwenye karatasi, na kukifasiri. Hasara ya kuzichanganya inaonekana wazi katika shajara ya mvumbuzi David Livingstone ya Nyangwe, Kongo, 1871, aliyofika nayo Ujiji Oktoba mwaka huohuo.

Daftari zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti la The Standard la Novemba 24, 1869, kwa wino wa mmea wa huko. Baadaye alinakili habari hizo katika jarida la Unyanyembe, na timu ya mtafiti Adrian Wisnicki imeonyesha kwamba simulizi ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 15 ilibadilika humo: mambo ya wafuasi wake mwenyewe yalilainishwa.

Akaja Horace Waller, mhariri wa Last Journals (1874). Waller alishika nakala hiyo safi badala ya shajara, akakata, akasawazisha, akaendelea kama kwamba hakugusa kitu. Mwanahistoria Dorothy Helly alimfichua mwaka 1987, baada ya msomaji kupewa kwa miaka zaidi ya mia moja sauti tatu katika mstari mmoja: shahidi wa Nyangwe, mnakili aliyekwisha kutulia, na mhariri wa Uingereza. Uamuzi wa Waller ulikuwa mbovu, na ugumu wa kusoma wino uliofifia si udhuru. Palipofifia pangeachwa wazi.

Picha za mwanga wa rangi mbalimbali zilizotolewa 2011 zilirudisha maandishi hayo, kazi safi.

Kosa la Waller, hata hivyo, linarudi ndani ya XML, lugha ya tagi inayotumiwa kusimba miswada. Tagi ya neno lililofutwa ni ushahidi. Tagi inayosahihisha jina la mahali ni hukumu. Mstari wa karatasi hukatika katikati ya sentensi, na mti mmoja wa XML hauruhusu matawi kupishana, kwa hiyo ama karatasi ama sentensi hudhulumiwa, na kwa kawaida ni karatasi. Tenzi za Kiswahili za hati ya Kiarabu zimeonja dhuluma hiyo zamani: mara nyingi huchapwa kwa hati ya Kilatini pekee, irabu zikiwa zimeshaamuliwa na mtu asiyetajwa.

Mtaalamu wa uhariri Hans Zeller alidai utengano wa kurekodi na kufasiri mwaka 1971, kabla ya XML kuwapo, huku akikiri kwamba hata kusoma herufi ni kufasiri. Wahariri wa Faust ya Goethe walimsikia, wakasimba hati na matini kila moja peke yake. TEI, mwongozo wa kusimba matini, nao ulileta sourceDoc, tagi ya kurekodi hati yenyewe, Desemba 2011, kwa kuchelewa.

Atakayesimba nyaraka kama hizi aanze na sourceDoc: ukurasa, eneo, mstari, kilichofutwa, kisichosomeka. Majina, masahihisho na maelezo yakae faili jingine, yakiunganishwa kwa vitambulisho, na kila uamuzi uwe na jina la aliyeuamua.