Uadilifu wa Mwigizaji katika Uteuzi wa Uhusika: Mfano wa Mabepari wa Venisi

Sehemu hii inahakiki dhana ya uadilifu wa mwigizaji katika kuchagua uhusika, kwa kurejelea Mabepari wa Venisi, tafsiri ya tamthiliya ya Shakespeare iliyofanywa na Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, na kuchapishwa mwaka 1969. Mtazamo uliozoeleka hudai kwamba mwigizaji mwadilifu hukataa kuigiza mwovu, kwa kuwa hadhira humtambua kwa uhusika wake hata nje ya jukwaa. Mtafiti anaona kuwa mtazamo huo hupima tabia ya mhusika na kusahau athari ya uigizaji wenyewe kwa watazamaji.

Anwani ya tafsiri ni ushahidi wa kwanza. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alitaja mabepari, kwa wingi. Wingi huo unamwondolea Antonio kinga. Ni kweli kwamba Antonio hukopesha bila riba na yuko tayari kufa kwa ajili ya rafiki yake. Lakini ndiye huyo huyo aliyemtemea Shailoki mate, na mahakamani anashurutisha abadili dini. Mwigizaji anayemchagua Antonio ili abaki msafi machoni pa watu hajaukwepa uovu. Amechagua uovu unaopigiwa makofi.

Kwa Shailoki, hatari ni nyingine. Mbele ya hadhira ya Musoma au Bunda, yenye wavuvi na wakulima wa pamba wanaoujua uzito wa deni, ni rahisi mwigizaji kuvuna kicheko kwa kumfanya Myahudi kuwa kisawe cha mla riba. Kicheko hicho huwafundisha watazamaji kuichukia jamii nzima, huku unyonyaji wenyewe ukibaki bila kuguswa. Hata hivyo, tamthiliya inampa mwigizaji njia: Shailoki anawakumbusha Wavenisi kwamba nao wana watumwa waliowanunua. Katika nchi iliyopitiwa na misafara ya watumwa, maneno hayo hayawezi kutamkwa kwa mzaha.

Mtihani mgumu zaidi umo katika uhusika mdogo wa Mwanamfalme wa Moroko, ambaye hushindwa kuchagua kasha sahihi na kudharauliwa kwa rangi ya ngozi yake. Hayupo jukwaani dharau hiyo inapotamkwa. Hivyo jibu lake pekee ni namna alivyoondoka. Akiwa ameigizwa kama kichekesho, dharau hukubalika. Akiwa ameondoka kwa heshima, aibu humrudia msemaji.

Kwa hiyo, swali la uadilifu si iwapo mhusika ni mwema, bali uhusika huo, ukiigizwa hivyo, unamfanya mtazamaji aamini nini, na juu ya nani. Mwigizaji anayeweza kulijibu swali hilo anaruhusika kuigiza hata katili. Pale mwongozaji anapomnyima nafasi ya kulijibu, ndipo kukataa kunapokuwa wajibu.