Jinsi ya Kupambanua Onyesho Jema la Taarikhi Lisomwalo na Kompyuta

Aghalabu mtu akialikwa kuhukumu slaidi za taarikhi, zile zinazosomwa kwa sauti iliyotungwa na kompyuta, hutazama kwanza uzuri wa picha na wingi wa rangi, akapitisha hukumu kabla slaidi ya tatu haijaondoka ukutani, mfano wa mnunuzi wa kanga aliyependezwa na pindo asiufunue mji. Mimi huwanasihi walimu waanze kwa masikio: wageuzie ukuta mgongo, wasikilize dakika chache za mwanzo, kisha wajiulize kama masimulizi hayo yangalieleweka redioni.

Tuchukue onyesho la Kiswahili linalokusudiwa wanafunzi wa Nkungu, wilayani Rusizi nchini Rwanda, wilaya yenye soko la Kamembe na daraja la kuvukia Bukavu, ambako lugha hii haihitaji kutambulishwa kwa mtu. Jina la kale la eneo lenyewe, Cyangugu, ndilo mtihani wa kwanza. Sauti ya Kiswahili haikuzoea herufi c isiyofuatwa na h, na ikikutana nalo huweza kubabaika, ikatamka jambo ambalo hakuna mzee wa huko atakayelitambua. Fundi aijuaye kazi yake huwa na maandishi mawili: moja la kuonwa na macho, lenye tahajia sahihi ya Kinyarwanda, na moja la kusomwa na kompyuta, ambamo ameandika Changugu bila haya yoyote. Vivyo hivyo kwa wafalme. Asiyeandika "Kigeli wa Nne" kwa maneno huenda akasikia Rwabugiri akiitwa "Kigeli ivu"; na Yuhi wa Tano Musinga huenda akageuka "Yuhi vi", darasa zima licheke, na darasa likishacheka hapo, taarikhi imekwisha kwa siku hiyo. Tarehe nazo zina hila yake: 12/11/1931 huweza kusomwa kana kwamba ni hesabu ya kugawanya.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko hayo yote ni la pumzi. Kompyuta haina mapafu, basi haichoki, na mwandishi asiyejihadhari huipa sentensi ndefu kama hizi zangu, zinazovumilika kwa msomaji anayeweza kurudi nyuma ila humzamisha msikizi asiye na njia ya kurudi. Sikiliza habari hii: tarehe 12 Novemba 1931 Wabelgiji walimvua Musinga ufalme, wakamhamishia Kamembe, mwaka 1940 wakampeleka Moba, Kongo, na huko akafariki mwaka 1944. Mtengenezaji hodari huikata vipande vitatu, akaacha kimya cha sekunde mbili baada ya Kamembe, maana wanafunzi wa Rusizi wakilisikia jina hilo watageukiana tu, utake usitake. Na picha ya Musinga itokee jina lake linapotajwa. Ikitangulia, macho huacha masikio nyuma.

Baada ya masikio, sasa fungua macho ukague ramani. Onyesho likisema kwamba mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alikutana na Rwabugiri, ilhali ukutani pamechorwa Rwanda ya leo na mipaka yake yote, jua kwamba mtengenezaji amechukua alichokikuta. Mpaka wa Ziwa Kivu ulikubaliwa na wakoloni mwaka 1910, na ndipo kisiwa cha Ijwi kikaangukia upande wa Kongo. Tena Shangi, ambako majeshi ya Rwanda yalishindwa na askari wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1896, leo imo katika wilaya jirani ya Nyamasheke, si Rusizi. Juu ya picha nina neno moja tu: isiyoeleza ilikotoka haifai, na sura ya mtu aliyepata kuishi, iliyobuniwa na kompyuta, haifai zaidi.

Yote hayo hurekebishika kwa alasiri moja. Lisilorekebishika kwa wepesi ni Nyarushishi, na kwa watu wa Nkungu haiwezekani kulikwepa, kwa kuwa mahali hapo pamo humo humo Nkungu. Mwezi wa Mei 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamezuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka walihamishiwa kambi ya Nyarushishi, na tarehe 23 Juni askari wa Kifaransa wakafika. Kompyuta na isome tarehe hizi. Isome pia hukumu ya mahakama ya kimataifa ya Arusha ya tarehe 25 Februari 2004, mradi isomwe kamili: washitakiwa wa Cyangugu walikuwa watatu, kamanda wa kambi ya jeshi akatiwa hatiani, waziri na mkuu wa mkoa wakaachiwa, na rufaa ya mwaka 2006 haikuwageuzia hawa wawili hukumu. Onyesho linalosema tu kwamba "viongozi walihukumiwa" limedanganya kwa kufupisha.

Ama ushahidi wa aliyenusurika, huo kompyuta isiuguse. Nimesikia sauti hizo zikisema "mimi" na "mama yangu" kwa lafudhi safi kabisa, isiyotetereka popote, na usafi huo ndio unaoudhi, kwani hakuna mtu nyuma ya neno "mimi". Mtengenezaji mwenye adabu huzima sauti ya kompyuta, akaweka ya shahidi mwenyewe kwa Kinyarwanda chake, kwa idhini yake, pamoja na mikwaruzo na vituo vyake, na tafsiri ya Kiswahili ikaandikwa chini. Kama shahidi hakupatikana, huweka slaidi yenye jina la mahali na tarehe, akamwachia mwalimu nafasi ya kusema. Onyesho likikosea hapo mimi siliidhinishi kuingia darasani, hata ramani zake ziwe sahihi mpaka kisiwa cha mwisho cha Kivu.