Mgongo Mtupu wa Burma Star

Geuza Burma Star uitazame mgongoni. Mbele fundi amefanya kazi yake: ncha sita, taji, herufi za Mfalme George VI, na jina la nyota likizunguka duara. Nyuma ni shaba tupu, pana ya kutosha namba, cheo, jina na kikosi, na nafasi bado ikabaki. Walioamua kwamba nishani za Vita vya Pili vya Dunia zitolewe kwa askari wa Uingereza bila majina walikosea, tena walikosea kwa vigezo vya zama zao wenyewe, si vya leo. Tepe zilibuniwa vizuri, hasa ule wa Africa Star, wenye rangi ya mchanga wa jangwa na mistari ya majeshi matatu. Hilo nalikubali na kupita.

Hoja yao ilikuwa gharama na kazi: askari ni mamilioni, hazina imekauka, viwanda vina mengine ya kufanya. Hoja hiyo inaingia akilini mpaka ukumbuke waliotangulia. British War Medal, ile nishani ya fedha ya vita vya 1914–18, ilitolewa takriban milioni 6.5, na zote ziligongwa majina ukingoni. Victory Medal, zaidi ya milioni 5, vivyo hivyo. Uingereza iliyofanya kazi hiyo nayo ilikuwa imetoka vitani na madeni shingoni. Rudi nyuma zaidi, hadi Waterloo mwaka 1815: karakana ya sarafu ya London iligonga majina kwenye nishani ya kwanza ambayo serikali ya Uingereza iliwapa wote waliokuwapo bila kujali cheo, na askari wa kawaida akaandikwa kama alivyoandikwa kanali wake. Na katika vita hivi hivi vya pili, Afrika Kusini na Australia ziligonga majina ya askari wao kwenye nyota zile zile. Uingereza yenyewe haikuwa imeusahau ufundi huo. General Service Medal yenye klaspu ya Palestine 1945–48 ilitoka na majina. Ya Korea ilitoka na majina. Africa General Service Medal yenye klaspu ya Kenya, ya miaka ya Mau Mau, nayo ilitoka na majina. Waliokosa ni watu wa vita vikubwa kuliko vyote.

Mkusanyaji anajua jina la ukingoni linafanya kazi gani. Chukua British War Medal ya mtu wa Loyal North Lancashire, rejimenti ambayo batalioni yake ya pili ilipigana Tanga Novemba 1914. Ielekeze kwenye mwanga wa dirisha: herufi zimezama kwenye fedha, namba kwanza, kisha cheo, jina, na rejimenti kwa kifupi. Ukingo haukwambii ni batalioni ya ngapi, lakini unakupa namba, namba inakupa kadi yake kwenye kumbukumbu za nishani, kadi inakupeleka kwenye orodha ya nishani, na orodha ndiyo inayotaja batalioni. Kuanzia hapo unaifungua shajara ya batalioni ukijua unamtafuta nani. Hata mdanganyifu anaacha alama: akisaga jina la zamani ili agonge jipya, kipenyo kinashuka chini ya milimita 36 na kalipa inamuumbua. (Na kwa mara nyingine: acheni kusugua nishani. Mng'aro hauna thamani yoyote, herufi ndizo zenye thamani, na kila msuguo unazila.)

Wapo wanaosema heshima ya askari imo kwenye majalada, na kwamba chuma ni pambo tu. Ningewasikiliza kama majalada hayaungui. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliliangukia ghala la Wizara ya Vita katika mtaa wa Arnside, London, na zaidi ya nusu ya majalada ya utumishi ya askari wa 1914–18 yakateketea. Kwa wengi wao kilichosalia ni kadi, orodha, na jina kwenye ukingo wa nishani iliyokuwa kabatini kwa mjane. Africa Star ilitangazwa mwaka 1943, miaka mitatu baada ya moto ule. Walioamua walikwisha kuona kwa macho yao jinsi chuma kinavyotunza kilichoishinda karatasi, nao wakaiachia karatasi kazi yote.

Matokeo yapo kwenye kila meza ya mnada: nyota tatu na nishani mbili kwenye pini moja, picha ya kijana mwenye kofia, na hadithi. Kalipa haina la kupima. Askari wa Keya (King's African Rifles) aliyekuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akavuka bonde la Kabaw huko Burma kwenye tope la mvua za monsuni za 1944 hadi Kalewa, nyota yake ikitengana na karatasi zake inakuwa Burma Star yoyote ile. Kusema familia zingeweza kumpelekea sonara achore jina hakusaidii, kwa sababu sonara huyo huyo atamchorea jina lolote mwenye kumlipa.

Na anayeshikilia kwamba kazi ya kuandika majina yote yale ilikuwa kubwa mno, aeleze nishani hizo ziliwafikiaje wenyewe. Zilikuja kwa posta, ndani ya kiboksi kidogo, baada ya askari kuandika kuomba haki yake, na kila kiboksi kilibeba jina lake na anwani yake. Karani alikwisha kuliandika jina. Aliliandika kwenye kadibodi, na kadibodi ikatupwa.