Dinamo Haizaliwi Baada ya Gari

Mvua ya Tukuyu, wilayani Rungwe, haina ugomvi na bodi ya Land Rover. Bodi ni aloi ya aluminiamu; iache nje miaka thelathini pembeni mwa shamba la chai, utaikuta imechujuka rangi lakini ni nzima. Ugomvi wa mvua ni na chasisi. Hiyo ni chuma, na huku hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tope likishaingia ndani yake, kutu huanza kuila kutoka tumboni huku wewe ukipaka rangi kwa nje.

Ndiyo maana Land Rover za zamani za Rungwe zimekufa vipande vipande. Mlango wa nyuma unafunga banda la kuku. Springi zimefuliwa zikawa nyengo za kufyekea migomba. Viungo vingine vimelala uvunguni, vimefungwa kwenye gunia, kwa sababu marehemu babu alisema visitupwe.

Fundi ninayemsifu hapa anavijua vyumba vyenye magunia hayo. Mletee dinamo, hatauliza bei kwanza. Ataifuta kwa mafuta ya taa, aisugue kwa chaki nyeupe ya shule, kisha aipanguse kwa kiganja. Chaki hubaki kwenye alama za mhuri tu. Siku moja nilisoma naye: LUCAS, C40, na kando yake tarakimu ndogo, 8 66. Mwezi wa nane, mwaka 1966.

Lucas wa Birmingham walikuwa na desturi ya kugonga mwezi na mwaka kwenye vifaa vyao vya umeme. Hilo ni msaada mkubwa, maana kwenye Land Rover nyingi za miaka ya 1960 namba ya chasisi hukutajia aina ya gari na, kwa herufi ya mwisho, mabadiliko makubwa ya muundo, lakini mwaka haiutaji. Kadi ya gari nayo hutaja mwaka wa kusajiliwa. Kwa Land Rover 109 anayoifufua fundi huyu, cheti cha kumbukumbu za kiwanda kutoka Gaydon, Uingereza, kilisema Oktoba 1966. Basi hesabu ni hii: dinamo ilitengenezwa, ikapelekwa kiwandani Solihull, ikangoja rafuni, ndipo ikafungwa. Ya Agosti inakubalika. Ya Desemba imepachikwa, hata muuzaji aape kwa mizimu ya kwao.

Wamarekani wenye Mustang na Camaro hupiga hesabu hiyohiyo kwa altaneta na kabureta zao, na kwa tofauti ya miezi michache hutoa fedha ya kununua ng'ombe kadhaa. Tukuyu sijamwona mtu wa kulipa hivyo.

Nakiri kwamba zamani niliiona kazi hii ya kusaka vipuri vya asili kuwa mchezo wa wenye nafasi. Altaneta ya Toyota huchaji vizuri kuliko dinamo, hasa unapowasha taa kwenye ukungu wa asubuhi wa Katumba. Na magari haya yasingefika leo bila mafundi waliofunga chochote kilichopatikana. Nilimwambia hivyo.

"Mwanangu," akasema, "hiyo altaneta niliifunga mimi. Sasa naitafuta ile niliyoitoa."

Sikuwa na jibu. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba akikusanya kazi ya mikono yake mwenyewe, akiifumua kwa utaratibu uleule alioifumia. Hata betri ilibidi aigeuze. Land Rover za mwaka ule zilikuwa na chanya kwenye bodi, na badiliko la kuweka hasi lilikuja 1967. Akagusisha waya kwenye dinamo mara moja, kacheche kakaruka, dinamo ikakubali upande wake wa zamani. Tulipowasha injini na kukanyaga mafuta kidogo, taa nyekundu ya dashibodi ikazimika.

Bado anatafuta stata. Ikiwa kuna moja uvunguni kwenu, isugue chaki kwanza kabla hujaiuza kwa kilo.