Maneno ya Mzaha na Uzito wa Kazi

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, karibu na mji wa Nyeri, wanafunzi hupelekwa kila mwaka kufanya mazoezi ya kazi katika shule za msingi. Safari moja waliporudi niliwapa zoezi: kila mmoja abuni neno, hata la mzaha, la kutaja jambo alilolihisi kazini akakosa jina lake. Darasa zima lilicheka siku ile. Lakini kicheko si hukumu. Kazi ya mhakiki ni kuuliza kwa nini neno hili limesimama na lile limeanguka.

Mmoja alileta “jumatatizo”, yaani uzito wa moyo umshikao mfanyakazi Jumapili jioni akumbukapo kesho. Mwingine alileta “uchovusahihishaji”, yaani uchovu wa kusahihisha madaftari hamsini usiku mmoja. Neno hili la pili lina maana iliyo wazi, walakini ni zito kuliko madaftari yenyewe. Alitamkaye huongeza uchovu wake. La kwanza ni jepesi, kwa sababu Jumatatu na tatizo yana sauti ya pamoja, na mtungaji aliyakutanisha tu. Mwandishi Mwingereza Lewis Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1871, alifananisha maneno ya namna hii na mkoba wenye pande mbili: maana mbili zimefungwa katika neno moja.

Mkoba bora wa aina hiyo katika Kenya ni “Njaanuari”. Mshahara wa Desemba umekwisha katika sikukuu, shule zimefunguliwa na karo yadaiwa, na mwisho wa mwezi u mbali. Mwalimu mwenye mfuko mtupu akilitamka neno hilo mbele ya wenzake, haombi huruma wala hajidai tajiri. Wote hucheka, na kila mmoja ajua kwamba hayuko peke yake. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya neno la mzaha: huliondolea jambo la kweli aibu yake.

Hata hivyo, ustadi wa kuunganisha sauti hautoshi. Mara nyingi neno lenye nguvu ni la zamani lililohamishwa mahali pake. Hivyo ndivyo lilivyopatikana neno “kibarua”: barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, mwishowe ikawa jina la mtu mwenyewe.

Wakikuyu wana mfano mkali zaidi. Sheria ya mwaka 1915, wakati wa ukoloni, iliwalazimu wanaume Waafrika kuchukua kipande, hati yenye alama za vidole na habari za kazi zao. Hati hiyo ilitiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita “mbugi”, yaani kengele ya mbuzi. Fikiri, msomaji, juu ya wenye neno hilo. Walikuwa wafugaji, waliozoea kuwafunga mbuzi kengele wasipotee. Sasa kengele i shingoni mwao, na mchungaji ni mwingine. Neno moja la nyumbani lilieleza fedheha ambayo hotuba ndefu isingeieleza vizuri zaidi, na aliyelisema aliweza kucheka bila kusema uongo.

Lakini si kila neno la mzaha ni rafiki wa mfanyakazi. Nchi yetu hii ni nchi ya chai. Kiwanda cha Ragati, karibu na Karatina, kilianza mwaka 1957 kupokea majani ya wakulima wadogo, na hata leo wachumaji huingia mashambani asubuhi na mapema, vikapu mgongoni. Basi mchumaji huyo akienda kutafuta hati iliyo haki yake, huenda akaombwa “chai”, au “kitu kidogo”. Kwa ustadi, maneno haya hayana dosari: ni mepesi, yana adabu, na yananukia ukarimu wa nyumbani. Ubaya wake umo katika ustadi huo huo. “Mbugi” ilifunua fedheha ambayo sheria iliiita utaratibu. “Chai” huufunika wizi kwa kitambaa cha ukarimu. Mwombaji hutabasamu, na mchumaji hulipa.

Basi, kijana msomaji, utakapoingia kazini utakutana na mengi yasiyo na jina: hofu ya siku ya kwanza, furaha ya mshahara wa kwanza, uchungu wa kukemewa mbele ya watu. Yape majina, wala usiogope kucheza. Lakini kabla ya kulitoa neno lako hadharani, liulize maswali mawili: je, lafunua au lafunika? Na likichekesha, ni nani alipaye gharama ya kicheko?

Yule mtungaji wa “uchovusahihishaji” alinijia juma lililofuata. Nilipomwuliza sababu ya macho yake mekundu, alijibu, “Mwalimu, jana nililala madaftarini.” Alikuwa ameongeza silabi moja tu, ile itumikayo katika shambani na gerezani, na madaftari yakawa mahali ambapo mtu huingia akachelewa kutoka. Nilimpa alama zake zote.