Fundi Anayejua Mashine Inasubiri Nini

Mteja anayefika kwa fundi wa kompyuta Kariakoo na kasha la Dell OptiPlex 780 kwapani huwa na lalamiko moja: mashine imekuwa nzito. Fundi mwenye haraka atapiga Windows upya, atapokea chake, na baada ya muda mfupi uzito utarudi palepale. Fundi hodari haanzi na bisibisi wala na CD. Anaiwasha mashine, anafungua programu zilezile ambazo mteja anazitumia kila siku, kisha anabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kusoma namba. Prosesa, asilimia 12. RAM, asilimia 96. Diski imeganda kwenye 100 na haitaki kushuka. Prosesa ambayo mteja amekuja akiilaumu haina kosa lolote. Inasubiri.

Ufundi huu hausifiwi inavyostahili, labda kwa sababu sehemu yake kubwa haionekani kwa macho. Kufungua skrubu, kupuliza vumbi kwa blowa na kubadilisha feni ni kazi anayoweza kujifunza kijana yeyote aliye makini. Kilicho kigumu ni kujua ni kikomo kipi kati ya vingi kinachoibana mashine hii, kwa kazi hii, kabla hela ya mwenyewe haijatumika.

Chukua suala la kasi. Kwa miaka mingi watu walinunua kompyuta kwa kuangalia gigahezi peke yake, na kampuni ya Intel yenyewe iliikimbiza namba hiyo. Mwishoni mwa 2004 ilitoa Pentium 4 ya gigahezi 3.8, na mwaka huohuo ikafuta mpango wa kufikia 4. Joto lilikuwa limewashinda. Ili saa ya ndani iende mbio kiasi hicho, prosesa hizo zilikata kila amri katika hatua fupifupi 31. Prosesa hukisia mapema njia ambayo programu itafuata, na ikikosea, kazi iliyokwisha kuingia katika hatua hizo hutupwa na kuanza upya. Julai 2006 ikaja Core 2 Duo. E6600 ilikwenda kwa gigahezi 2.4 tu, lakini ilikuwa na hatua 14, ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa, na ilikuwa na viini viwili. Iliiacha Pentium 4 mbali sana huku ikitoa joto la wati 65, wakati ile ya 3.8 ilifikia 115. Ndiyo maana fundi anayeijua historia hii hababaishwi na stika iliyobandikwa mbele ya kasha. Anauliza prosesa ni ya ukoo gani kwanza, gigahezi baadaye.

Kumbukumbu ina hesabu zake, na hapa ndipo mashine nyingi kuukuu zinapoteseka. RAM ni meza ya kukatia ya fundi cherehani, na diski ni ghala lililo mtaa wa pili: meza ikijaa, kila kitambaa kinachohitajika lazima kifuatwe ghalani, hata mkasi uwe mkali namna gani. Diski ya mzunguko wa 7200 kwa dakika inahitaji zaidi ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kichwa chake kinahitaji muda mwingine kufika kwenye mstari unaotakiwa. RAM inajibu ndani ya sehemu ndogo ya milioni moja ya sekunde. Tofauti hiyo ni ya maelfu kwa maelfu, na mtumiaji anaiona pale kishale kinapoganda na taa ya diski ikiwaka bila kupumzika.

Basi si tuongeze RAM? Hapana, si upesi hivyo. Ikiwa Windows iliyomo ni ya biti 32, anwani zake zinaishia 4,294,967,296, yaani GB 4, na sehemu ya anwani hizo inachukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Mteja atalipia 4, na skrini imwonyeshe 3.25 au 3.5.

Halafu kuna vipande vyenyewe. OptiPlex 780 inatumia DDR3, lakini bodi kuu yake ni ya kizazi kisichoielewa chipu moja ya kumbukumbu yenye zaidi ya gigabiti 2. Kwa hiyo fundi anakigeuza kipande cha GB 4 mkononi na kuhesabu: chipu nane upande huu, nane upande wa pili, na kwenye lebo pameandikwa 2Rx8. Hiki kitakubali. Kingine cha GB 4 hiyohiyo, chenye chipu nane tu na maandishi 1Rx8, kitaingia vizuri katika nafasi yake na mashine haitakitambua kama inavyotakiwa. Wauzaji wengi huviweka viwili hivyo katika boksi moja. Kabla ya kukichomeka kile kinachofaa, anazisugua pini zake za dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, kisha anayapangusa mabaki yake.

Kuna wakati kikomo ni prosesa kweli, na hapo fundi mwaminifu haongezi bei ya kitu kisichosaidia. Core 2 Duo E8400, inayokutwa ndani ya makasha mengi ya aina hii, haina amri iitwayo POPCNT, na Windows 11 ya toleo la 24H2 haiwaki bila amri hiyo. Si RAM wala SSD, ile diski isiyozunguka, itakayoiongeza. Mambo hayo yalimalizwa kiwandani. Nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mwenye stationery anayeandika barua, kujaza fomu, kuskani na kuchapa, fundi anaweka SSD ndogo, GB 4 za RAM na Linux Mint ya Xfce, na kazi inaendelea. Yule anayetaka kuhariri video za harusi anaambiwa waziwazi asitie hela hapo, atafute mashine nyingine.