Boya la Birika la Mifugo Lisipewe Kazi Mbili

Boya linalofunga maji kwenye tangi la choo linaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwenye birika la kunyweshea mifugo. Maji yakipungua linashuka, na mkono wake unafungua tundu la bomba. Yakipanda linainuka na kuliziba. Halitaki umeme wala mtu wa kushinda kwenye koki. Katika Kaunti ya Isiolo, ambako kiangazi kikikaza mifugo wengi hutegemea visima vya mashine, kifaa hiki kinastahili nafasi kubwa. Ila kipewe kazi moja tu: kulinda kiwango cha maji birikani. Nani anyweshe na lini si kazi yake. Mambo hayo mawili yakichanganywa, maji hupotea bure.

Waborana, wafugaji wa Isiolo, waliyatenganisha zamani. Kwenye visima virefu vya tula vya ndugu zao kusini mwa Ethiopia, vijana hujipanga mmoja juu ya mwingine ndani ya kisima, wakipokezana ndoo hadi birikani huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Zamu ya makundi yanayosubiri juu iko kwa aba herega, msimamizi wa zamu. Mikono inajaza, aba herega anapanga. Boya limekuja kupumzisha mikono, na anayedhani limekuja pia kumwondoa aba herega anaacha koki wazi usiku kucha bila mwangalizi.

Kosa la kwanza katika ujenzi ni kufunga boya dogo la choo. Tundu la milimita 6, tangi linalolisha birika likiwa limeinuliwa mita 6, hupitisha takribani lita 11 kwa dakika. Ng'ombe mwenye kiu hunywa lita 30 hadi 40, tena kwa dakika chache. Kumi wakishakunywa, birika limepungukiwa na lita 300 au zaidi, na boya linahitaji karibu nusu saa kuzirudisha. Mchungaji wa kundi linalofuata hatangoja. Atalikandamiza boya kwa jiwe ili maji yaje mbio, na mkono utapinda. Tundu la milimita 25 lina eneo zaidi ya mara 17 ya lile dogo, mradi bomba lenyewe nalo liwe pana. Kosa la pili ni kuliacha boya wazi mbele ya pua za ngamia. Mahali pake ni kisanduku cha zege mwishoni mwa birika, chenye kifuniko kizito, kikiungana na birika kwa tundu la chini lenye wavu wa kuzuia matope. Maji husawazika pande zote mbili, kwa hiyo boya linasoma kiwango cha birika bila kuguswa na mnyama yeyote.

Wapo wanaopinga wakisema boya likikwama litamwaga tangi zima. Hofu hiyo ni ya haki. Valvu inayovuja lita moja tu kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, kinywaji cha ng'ombe wapatao 40. Linganisha na jua tunalolilaumu kila siku: birika la mita 5 kwa sentimita 60, hata likikauka milimita 8 kwa siku, limepoteza lita 24. Adui mkubwa basi ni ile washa ya mpira iliyokakamaa, au ukoko mweupe ambao maji ya chumvichumvi huuacha pale valvu inapozibia. Ndiyo maana pawe na koki ya pili kwenye bomba, mbele ya boya, na ufunguo wake ukae kwa msimamizi wa zamu. Anafungua kundi likifika, anafunga likiondoka. Mtu atauliza, kama koki bado inafungwa kwa mkono, boya lina faida gani? Faida ni kwamba kati ya kufungua na kufunga hana haja ya kukimbizana na maji. Anahesabu mifugo na kusuluhisha wanaogombania nafasi.

Vitambuzi vya umeme navyo vina watetezi, na kwenye tangi la juu ninakubaliana nao: swichi inayozima pampu ya sola tangi likijaa inafaa sana, kwa sababu mbuzi hawaifikii. Chini birikani waya hautamaliza msimu, na kifaa kikiharibika mifugo hawawezi kumngoja fundi wa kutoka Nairobi. Boya linatengenezeka kwa spana na washa ya dukani mjini Isiolo, na washa mbili za akiba zinaweza kuning'inizwa ndani ya kile kisanduku cha zege.